Mlima Meru Kiangazi, na Neno la Nesi

Nikimwambia mtu nimepanda mlima, swali la kwanza huwa Kilimanjaro. Nikijibu Meru, napata jibu moja: "Aa, ule wa mazoezi." Neno hilo lina asili yake. Wageni wengi hupanda Meru kwanza ili miili izoee hewa nyepesi, ndipo waende Kilimanjaro. Sina ugomvi nao. Ila Mlima Meru una zaidi ya mita 4,560, ni wa pili kwa urefu Tanzania nzima, na njia ya kwenda kileleni inapita juu ya ukingo wa kreta ambao upande wake wa kushoto ni shimo tupu. Aliyepita ukingo ule saa tisa usiku hawezi kuuita mazoezi. Naandika kwa ajili ya mlima huo, na kwa ajili ya marafiki niliokwenda nao kiangazi hiki, hasa mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Nashona sare za shule. Desemba na Januari silali. Februari wazazi wameshachukua sare zao na duka linatulia. Ndiyo maana tulichagua Februari. Mvua za vuli zimekwisha, masika bado hayajaingia, na asubuhi anga huwa safi kabla mawingu ya mchana hayajapanda.

Tunaitana kwa kazi zetu. Nesi yuko wodi ya wazazi. Ticha anafundisha jiografia sekondari. Suka anaendesha lori la mizigo, safari zake ni Dar hadi Tunduma. Mimi ni Fundi. Tulianza kama watu wa kutembea Jumapili baada ya ibada, tukizoea barabara ya Morningside, kisha tukapata ujasiri wa kwenda hadi kilele cha Lupanga, mita 2,138 kwenye milima ya Uluguru. Lupanga si mchezo. Ina matope, ina mizizi, kuna mahali unapanda kwa mikono. Suka alikuwa anafika juu wa kwanza kila mara, anatungoja akiwa ameshakula ndizi zake. Ukimwuliza yeyote kati yetu nani atafika kilele cha Meru bila shida, angemtaja yeye.

Nesi peke yake hakuwa akimtaja mtu. Alikuwa anasema Lupanga inapima mapaja na mapafu, lakini haiwezi kupima mwili utafanya nini kwenye hewa nyepesi, na hilo halina uhusiano na nguvu za mtu. Kijana mwenye afya anaweza kuugua na mzee akapita salama. Oksijeni iliyomo hewani ni asilimia ileile 21 kuanzia ufukweni hadi kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe. Ukifika mita 4,500 mgandamizo huo ni kidogo tu zaidi ya nusu ya ule wa Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda. Ushauri wa madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa tazama Meru: kibanda cha kwanza, Miriakamba, kiko mita 2,514. Cha pili, Saddle Hut, kiko mita 3,566. Na kutoka hapo unaamshwa usiku huohuo kwenda juu mita nyingine elfu moja. Ugumu wa Meru umekaa kwenye hesabu hiyo.

Jioni moja wiki chache kabla ya safari, Nesi alitukalisha dukani kwangu, mimi bado niko kwenye cherehani. "Sikilizeni jamani. Huko juu mtu akianza kuumwa, ubongo wake ndio unaoumwa. Anakuwa mbishi, anasema yuko sawa. Kwa hiyo tunakubaliana leo, tukiwa na akili zetu. Nikisema shuka, unashuka. Hata kama kilele unakiona."

"Na wewe ukiumwa?" Suka akauliza.

"Neno linakuwa la kiongozi wa mlima. Nami nashuka."

Alitaka kila mmoja aseme kwa mdomo wake. Ticha aliitikia kwa kichwa, Nesi akamwambia hapana, sema. Tukasema wote, mmoja baada ya mwingine: nimekubali.

Mchango wangu ulikuwa mavazi. Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana hili nalijua na naona watu wengi wanateseka mlimani kwa sababu ya kitambaa. Pamba ni adui. Inanyonya jasho, inakaa nalo, na ukisimama kupumzika penye upepo, fulana ile iliyolowa inakunyonya joto hadi unatetemeka. Jinzi ni mbaya zaidi. Niliwapeleka wote mitumbani tukachambua marobota: fulana za michezo zinazokauka haraka, sweta za sufu halisi, koti la manyoya mepesi, na juu ya vyote jaketi lisilopitisha upepo. Sweta la sufu lina kawaida ya kukaa kwenye rundo la akina mama kwa sababu vijana hawalitaki. Nililipata langu humo, la kijivu, limetoboka kiwiko, nikalitia kiraka.

Halafu nikashona soksi za turubai. Niliambiwa na kiongozi wetu kwa simu kwamba sehemu ya juu ya Meru ni majivu ya volkano, kavu kabisa wakati wa kiangazi, yanaingia kwenye viatu na kukuchuna ngozi. Kuna vifaa vya dukani vya kuzuia hilo, lakini nilipoviona kwenye picha niliona ni kazi ya nusu saa. Nilitumia turubai jepesi la mabegi, sindano namba 18, uzi wa nailoni. Juu, chini ya goti, nikapitisha lastiki pana. Chini nikaweka mkanda wa begi unaopita chini ya soli, na mbele kulabu ndogo ya kushika kwenye kamba za kiatu. Mshono wa nyuma niliupiga mara mbili, nikaukunja ili kingo zisikwaruze. Kila mtu jozi moja. Za Suka zilitaka kitambaa cha ziada, ana miguu mipana.

Lango la Momella, Hifadhi ya Taifa Arusha, tulifika jua likiwa limeshawaka. Huruhusiwi kupanda bila askari mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati na tembo. Wetu tulimwita Afande safari nzima, mtu wa maneno machache, shati limenyooka. Alitupa sheria zake: tutembee pamoja, tusipige kelele, akiinua mkono tusimame. Kisha akatangulia. Dakika chache tu mbele, kwenye uwanda wa majani karibu na mto Ngare Nanyuki, nyati walikuwa wamelala wakitafuna. Mmoja akasimama akatutazama. Afande naye akasimama, akamtazama, akatuonyesha kwa kiganja tupite upande wa pili. Twiga walikuwa wakila kwenye migunga, wametulia. Nimezaliwa Tanzania, lakini nilikuwa sijawahi kutembea kwa miguu yangu penye twiga, pasipo kioo cha gari kati yetu. Nilishindwa kusema chochote, na sikutaka kusema.

Tulipita njia ndefu ya kusini, ile yenye mkuyu mkubwa uliofanya tao juu ya barabara, gari linaweza kupita chini yake. Baada ya hapo ni msitu: mitarakwa, mipodo, mbega weusi kwa weupe wakiruka na mikia yao ile mirefu, hondohondo wakipiga kelele mahali usipowaona. Joto la chini lilibaki chini. Ukipanda mita elfu moja unapoteza nyuzi sita hivi za joto. Ticha alikuwa na kipimajoto kidogo kwenye begi na alikuwa anatutangazia kila tulipopumzika.

Wapagazi walitupita mapema, mizigo vichwani na mabegani, wakisema "pole pole, dada" huku wao wenyewe wakienda mbio. Tulipoingia Miriakamba chai ilikuwa tayari na bisi za moto kwenye sinia. Nataka kusema wazi kwamba bila watu hawa hakuna anayepanda. Wao ndio waliobeba mahema ya jikoni, gesi, maji na unga, na usiku walikuwa wa mwisho kulala. Ukienda, jua majina yao, na bahasha ya shukrani iandae kabla hujatoka nyumbani.

Siku iliyofuata ni ngazi. Njia ya kutoka Miriakamba inapanda kwa vipande vya magogo vilivyopangwa udongoni, juu na juu, ndani ya miti inayoning'iniza ndevu za kijani kwenye matawi, hadi inatokea kwenye mgongo unaoitwa Mgongo wa Tembo. Suka alikuwa anaimba. Ana sauti nzito, anajua tenzi zote za rohoni na nyimbo zote za bendi za zamani, na anazichanganya. Tulifika Saddle Hut kabla ya saa nane mchana. Kiongozi akatuambia tusikae. Tukaenda Little Meru, mita 3,820, tukapumzika juu kidogo, tukarudi kulala chini. Kupanda juu na kulala chini kunausaidia mwili kuzoea. Mawingu yalikuwa yameshaziba kila kitu, hatukuona kilele kikuu. Kwenye miamba karibu na kibanda tuliona mbuzi mawe wawili wamesimama kwa ncha za kwato.

Chakula cha jioni Suka aliacha supu nusu bakuli. Akasema ameshiba. Nesi akaangalia lile bakuli, kisha akamwangalia yeye. Hakusema kitu.

Tuliamshwa saa sita usiku. Chai, biskuti, nguo moja juu ya nyingine, taa za kichwani. Nje majani yalikuwa yameganda, yanavunjika ukiyakanyaga, na hicho ni kiangazi, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Chupa za maji kiongozi alituambia tuziweke kichwa chini begini, kwa kuwa barafu huanza juu. Ukiigeuza chupa, mdomo haugandi. Tulijipanga: kiongozi mbele, Nesi, Ticha, mimi, Suka, kiongozi msaidizi, na Afande nyuma kabisa.

Mwendo ulikuwa wa taratibu mno. Hatua, pumzi, hatua. Nilikuwa natazama visigino vya Ticha tu, na soksi zangu za turubai miguuni mwake zikiwa zimeshapauka kwa vumbi. Baada ya muda ndipo nikagundua kinachonisumbua: nyuma yangu kulikuwa kimya. Suka hakuwa anaimba, hakuwa anasema. Nikamwita, akajibu baada ya kitambo, "Nipo." Kisha nikasikia kiatu kinaburuta, na jiwe likaviringika.

Rhino Point pana sehemu ndogo iliyo bapa. Nesi alisimamisha msafara. Akachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo yake, urefu wa hatua tano hivi, akamwangazia.

"Suka, pita juu ya mstari. Kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma."

Alipiga hatua mbili. Ya tatu ikaenda pembeni, mikono ikafunguka kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Akacheka, akarudi mwanzo, akajaribu tena. Safari hii hatua ya pili ndiyo iliyomtoa nje.

"Kichwa?"

"Kidogo."

"Kati ya moja na kumi."

Akakaa kimya. "Saba."

Mtu akiumwa kichwa tu mlimani unaweza kumpumzisha ukamsubiri. Akishapoteza uthabiti wa kutembea ni jambo jingine, ni dalili kwamba ubongo unaanza kuvimba, na dawa yake ya kweli ni kushuka, saa ileile, si asubuhi. Nesi alikuwa ametueleza haya dukani. Sasa hakueleza tena. Alisema tu, "Suka, shuka."

Juu yetu, kwenye giza, taa za kundi jingine zilikuwa zikipanda moja moja. Suka alizitazama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona mvuke wa pumzi yake. Mtu huyu ndiye aliyeweka akiba kuliko sote, alikuwa anakataa hata soda njiani Tunduma ili pesa ya Meru itimie. Nilimngoja abishe. Akasema, "Nilikubali."

Nesi akampa dawa kutoka kwenye mkoba wake, akafunga zipu, akakaza kamba za begi lake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba na yeye anashuka. Suka alielewa wakati uleule.

"Nesi, wewe panda. Huyu kaka atanifikisha."

"Sikukuuliza," Nesi akamjibu, kwa sauti ya upole kabisa.

Afande aliongea kwa redio. Askari mwenzake aliyekuwa Saddle Hut akakubali kutembea nao usiku uleule hadi Miriakamba, maana msituni huwezi kushuka bila bunduki. Kiongozi msaidizi akamshika Suka mkono. Mimi na Ticha tulisema twende wote. Nesi akatugeukia, akatumulika macho yetu mmoja baada ya mwingine, akatupitisha juu ya mstari ule wa vumbini. Tulipita bila kuyumba. "Nyinyi mko sawa. Pandeni. Msishuke kwa huruma, huruma yenu haimsaidii." Suka alinipa chupa yake ya chai ya tangawizi, bado ya moto. "Huko juu mtaitaka kuliko mimi," akasema. Tukatazama taa zao zikishuka hadi mwamba ukazificha.

Kutoka Rhino Point njia inateremka kidogo, na ndipo unapoanza ukingo wenyewe. Kuna miamba ya kuvuka kwa mikono, laini, imeinama kuelekea gizani. Kiongozi alikuwa anaangazia mahali pa kushika, anasema, "Hapa. Mguu wa kulia. Hapa." Kushoto taa yangu haikugusa kitu. Ukiimulika upande ule, mwanga unaondoka na haurudi. Nilikuwa nawaza Suka angepitaje hapa kwa miguu ile iliyokosa mstari, na baridi ya mgongoni haikutokana na upepo.

Baada ya miamba ni majivu. Unakanyaga, mguu unazama, unarudi nyuma nusu ya ulichopanda. Kundi lililotutangulia lilikuwa limekaa pembeni, watu wamevua viatu wanakung'uta. Sisi hatukuvua hata mara moja. Lastiki ilishika, mkanda chini ya soli ulikwaruzika ila haukukatika. Nilifurahi kwa kazi ya mikono yangu, nasema bila aibu. Cobra Point, mita 4,350, tulikaa tukanywa chai ya Suka. Ticha alikuwa analia kidogo kidogo, machozi ya uchovu tu, huku akinywa, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Nilimshika bega. Kilichobaki kutoka pale ni mita mia mbili na kitu kwa kimo, na ndicho kilichokula nguvu kuliko vyote. Nilikuwa nahesabu hatua thelathini, nasimama, nahesabu tena ishirini.

Kilele kinaitwa Socialist Peak, Kilele cha Ujamaa, na pana bendera ya Taifa. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi imeshapita kidogo, upeo umeanza kuwa mwekundu. Jua likatoka upande wa Kilimanjaro. Mlima ule uko kilomita kama sabini kutoka pale, umesimama juu ya bahari ya mawingu, Kibo na Mawenzi vinaonekana kila kimoja na umbo lake. Upande wa pili, magharibi, kivuli cha Meru yenyewe kilikuwa kimelala juu ya mawingu, pembetatu kamili, na kilikuwa kinafupika huku tunakitazama.

Ticha alipata nguvu ghafla. Alisimama akaanza kufundisha, mimi na Afande ndio darasa. Alituonyesha chini, ndani ya kreta, koni ya majivu iliyoota katikati, yenyewe ina mita 3,667 na bado unaitazama kwa kuinamisha kichwa. Ukuta tuliosimama juu yake unashuka kiasi cha mita 1,500 hadi sakafu ya kreta. Zamani, maelfu ya miaka iliyopita, mlima huu ulikuwa na upande wa mashariki pia. Ukaporomoka wote, ukamwagika bondeni. Vilima vidogo vidogo na maziwa ya Momella unayoyaona kule chini, yale yenye heroe, yamekaa juu ya vifusi vya mlima huu. Mara ya mwisho Meru kulipuka ilikuwa 1910, mlipuko mdogo. Kwa hiyo haijafa, imelala. Na mji wa Arusha upande wa kusini, alisema, ndiko kulikopitishwa Azimio la Arusha mwaka 1967, hivyo jina la kilele na mji uliopo chini yake vinaitikiana. Afande alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ticha, nimepanda hapa miaka mingi. Hiyo ya vifusi sikuwa nimeambiwa hivyo." Nadhani hakuna sifa iliyompendeza Ticha zaidi ya hiyo mwaka huu.

Tulipiga picha tukiwa wawili. Katikati tuliacha nafasi ya watu wawili, si kwa kupanga. Tulipoiangalia baadaye ndipo tuliona.

Kushuka ndiko watu hawakusimulii vya kutosha. Usiku taa inakuonyesha hatua moja tu, na hiyo ni rehema. Mchana unaona ulipopita. Ile miamba, sasa jua likiipiga, inaonekana jinsi inavyoinama na inavyoishia. Ticha alifika katikati ya mwamba mmoja akaganda, tumbo limeshika jiwe, vidole vimekuwa vyeupe. Hakujibu. Afande alirudi, akaweka bunduki mgongoni, akashuka hadi chini yake kidogo, upande wa bonde, akaweka kiatu chake kwenye ufa. "Ticha. Usitazame kreta. Tazama kiatu changu. Mguu wako wa kushoto uweke juu yake." Ticha akaweka. "Sasa nasogeza." Akasogeza kiatu kwenye ufa mwingine. "Weka tena." Walivuka mwamba mzima hivyo, kiatu juu ya kiatu, na Afande hakuonyesha kuharakishwa na chochote. Nilikuja nyuma yao nikitumia mashimo yaleyale. Tulipofika upande wa pili Ticha alisema "Asante, baba," ingawa Afande hazidi umri wetu sana, na Afande aliitikia kama lilivyo.

Saddle Hut tulikunywa supu tukalala kidogo, kisha ngazi zile zote kwa kushuka. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka nikisimama. Fimbo mbili zinasaidia kweli. Zirefushe kidogo unaposhuka, uzito uende mikononi. Na kata kucha za miguu kabla hujatoka nyumbani, fupi kabisa, la sivyo zitakufia ndani ya viatu.

Miriakamba tulimkuta Suka kwenye benchi la nje, sahani ya wali na maharage mapajani. Aliinuka akatukumbatia na sahani bado mkononi. Nesi alikuwa amelala ndani, na koti lake la mlimani hajalivua. Suka alitusimulia kwa sauti ya chini ili asimwamshe. Hadi Saddle Hut hakumbuki njia. Anakumbuka Nesi akimwuliza maswali mfululizo: jina la mama yako, namba ya gari lako, leo siku gani, mizani ya Mikumi iko kabla au baada ya nini. Akichelewa kujibu, Nesi anakaza mwendo. Walipokuwa wameshaingia kwenye miti, akasema, kichwa kilianza kufunguka, na akatambua kwamba lile swali la leo siku gani, muda wote ule alikuwa akilijibu vibaya. Alipoanza kujibu sawasawa Nesi alisimama, akaegemea mti, akapumua. Hapo tu ndipo alipokaa chini.

"Nilimwambia pole kwa kilele chake," Suka akasema. "Akaniambia nimwimbie."

"Ukamwimbia?"

"Hadi hapa."

Kiongozi wetu ametueleza kwamba inawezekana kulala Miriakamba usiku wa ziada, na mchana wa katikati kutembea kuelekea ndani ya kreta na kurudi, mwili ukapata muda. Inaongeza gharama, lakini ndivyo tutakavyofanya Februari ijayo, nami nimeshaanza kushona mikanda mipya ya chini ya soli, ya nailoni nene zaidi. Tumekubaliana pia mpangilio wa msafara: Nesi atatembea mbele, Suka nyuma yake. Mimi na Ticha tutafuata.